Kompyuta Iliyomkataa Ratri

Jumanne tarehe 22 Aprili, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, Bu Hartini alifungua picha ya ndege wa Mbah Sarinem, akakuta ndege hana kichwa.

Mahali pa shingo palikuwa na michirizi ya kijani na zambarau. Kutoka hapo kwenda chini kila kitu kilikuwa kimehama, bawa la kulia limekaa chini ya mkia na maua ya pembeni yamekatika vipande. Bu Hartini akafungua picha nyingine, kisha nyingine. Kufikia saa nne na nusu alikuwa amezihesabu arobaini na moja zilizoharibika, kati ya mia nne na kumi na mbili ambazo ushirika wa batiki aliouongoza ulikuwa umezikusanya kwa ajili ya kitabu cha nakshi za zamani za mji wao wa Lasem. Kitabu kilitakiwa kufika kwa mpiga chapa mwisho wa Mei.

Picha nyingi zingeweza kupigwa upya, kwa maana vitambaa vyenyewe vilikuwa bado kabatini kwa wenyewe. Cha Mbah Sarinem hakikuwapo. Kiliungua mwezi Februari pamoja na kabati na nusu ya nyumba, na bibi mwenyewe alikuwa na miaka themanini na moja.

Bu Hartini hakupaza sauti. Alimwambia Ratri, msichana aliyekuwa akizishughulikia picha hizo, akae mbali na kompyuta mpaka ijulikane nini kimetokea. Kisha akampigia simu Endah.

Endah Pinasti alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta nyuma ya soko, kati ya fundi cherehani na mwanamke aliyekaanga vibanzi vya samaki. Alikuwa na miaka thelathini na minane na alikuwa mpole wa maneno. Kazi alifundishwa na Pak Kusnan, yaani Mzee Kusnan, fundi redio wa zamani, ambaye alikaa naye miaka tisa na hakuwahi kumchukua msichana mwingine kabla yake wala baada yake. Kwa Pak Kusnan alijifunza jambo moja ambalo mafundi wengi hulidharau: kabla ya kushika bisibisi, waulize watu.

Alifika saa tano na robo. Ofisi ilinukia nta, kwa kuwa upande wa pili wa ukuta ndiko wanawake walikokaa kuchora vitambaa kwa nta ya moto. Akaanza na Bu Hartini, akiandika kwenye daftari.

Bu Hartini alieleza kwamba taabu ilianza katikati ya Machi. Kompyuta ilikuwa ikizimika katikati ya kazi. Kioo kinageuka buluu, maandishi meupe yanatokea, halafu inajiwasha upya. Na kila mara aliyekuwa kwenye kiti ni Ratri.

"Kila mara?" Endah aliuliza.

"Kila mara. Prayit hukaa hapo asubuhi kuandika barua za wateja, haijamzimikia. Mimi hukaa, haijanizimikia. Akikaa Ratri tu, haipiti saa. Wenzake wanasema kompyuta imemkataa." Bu Hartini alishusha sauti. "Na kuna jambo jingine. Karakana moja ya batiki ya mji wa Rembang imemwita akafanye kazi kwao. Na yeye hubeba fleshi ya kuhifadhia picha kwenye mkoba."

Endah aliuliza ni nani mwingine aliyewahi kuifungua mashine. Bu Hartini akajibu bila kufikiri kwamba hakuna. Ilikuwa imekaa vilevile tangu Endah mwenyewe alipoiongezea kumbukumbu miaka miwili nyuma.

Prayit, kijana mnene aliyependa utani, alisema anamwonea Ratri huruma lakini macho anayo. Endah akamtaka akumbuke vizuri: haijamzimikia hata mara moja? Prayit akakuna kichwa. Akasema labda mara moja, mwanzoni mwa Aprili, mteja wa Surabaya alipotaka kuona picha zote za maua kwa pamoja. Alizifungua kama thelathini, kompyuta ikalala. Hakuitilia maanani, akaenda zake kula.

Endah alipiga mstari chini ya maneno hayo.

Endah alimkuta Ratri nyuma, kwenye ngazi za kisima. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na vidole vyake vilikuwa na madoa mekundu ya rangi ya Lasem ambayo hayatoki kwa sabuni. Alikuwa amelia na ameshamaliza.

"Fleshi ni hii," alisema, akiitoa kabla hajaombwa. "Angalia kila kitu. Habari za Rembang ni kweli, waliniita, nikakataa. Sikumwambia Bu Hartini kwa sababu sikutaka aone ninajipendekeza."

"Picha ya ndege wa Mbah Sarinem uliigusa lini?"

"Alhamisi. Nilifuta doa la nta pembeni, nikaihifadhi. Ilikuwa nzima machoni pangu, Mbak Endah. Mimi ndiye niliyekwenda kukiomba kile kitambaa kwake. Nilikaa naye siku tatu mpaka akakubali kunipa. Niharibu mimi?"

Endah aliipima fleshi, akaipima kompyuta nzima kama ina virusi. Hakukuta kitu. Ila hilo halikumsafisha Ratri. Anayejua kuharibu anajua pia kufuta nyayo, Prayit alisema, na safari hii hakuwa akitania.

Saa tisa alasiri Endah alipita kwa Pak Kusnan. Alikuwa na mazoea ya kupita kila afikwapo na kazi ngumu, na mzee naye alikuwa na mazoea ya kujifanya anasumbuliwa. Nyumba ilijaa maganda ya redio na masanduku ya vipuri vya mitambo iliyokwisha kufa. Mkewe alifariki miaka minne nyuma na hakukuwa na wa kumgombeza kwa takataka hizo.

Pak Kusnan alimmiminia chai, ikajaa hadi ikafurika kwenye sahani. Alicheka, akasema siku hizi glasi zinatengenezwa ndogo. Kisha akamsukumia kipuri kimoja amsomee namba, maana viwandani nako, alilalamika, wanaandika herufi za sisimizi.

Endah alimsomea, akamweleza kisa chote. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha uso.

"Umeme," alisema mwishowe. "Jirani yao si Bagyo yule wa kuchomelea vyuma? Huanza kazi mchana. Akiwasha mashine yake taa za mtaa mzima zinapepesa. Na huyo msichana hukaa mchana. Angalia umeme, Ndah."

Lilikuwa wazo zuri, na Endah alikuwa ameshaliwaza. Alifurahi kuona wamefikiri sawa.

Jumatano alipeleka betri kubwa ya kulinda umeme, akaichomekea kompyuta humo, akauchomoa kabisa waya wa ukutani. Sasa Bagyo angeweza kuchomelea hadi achoke. Saa saba na dakika tano mchana Endah alikaa mwenyewe kwenye kiti. Alimtuma Ratri nyumbani, na Bu Hartini akashuhudia akitoka na kupotelea kona ya mtaa. Kisha akafanya kazi ya Ratri hatua kwa hatua: akaweka kitambaa kwenye skana, akafungua picha kubwa, akafungua ya pili na ya tatu, akakuza, akafuta, akahifadhi.

Saa saba na dakika ishirini na tatu kioo kikageuka buluu.

Bu Hartini alikuwa amesimama nyuma yake. Akavuta kiti akakaa.

"Ratri yuko kwao," Endah alisema. "Umeme wa Bagyo haumo. Kilichobaki ni kazi yenyewe. Kompyuta haimkatai mtu, Bu. Inakataa picha kubwa."

Ndipo akashika bisibisi. Ndani mashine ilikuwa safi, safi kuliko ilivyostahili kompyuta iliyokaa miaka miwili kwenye chumba cha nta na moshi wa majiko. Nyaya zilikuwa zimekusanywa na kufungwa kwa uzi mwekundu wa pamba, na fundo lilikuwa nene, limefungwa mara tatu juu kwa juu. Endah aliligusa fundo lile kwa kidole akabaki amelitazama. Kisha akachomoa vile vijiti viwili vya kumbukumbu ambavyo mafundi huviita ramu.

Miaka miwili nyuma aliviuza vikiwa pacha, na kila kimoja alikitia tone la rangi ya kucha, kama alivyofanya kwa kila kipuri kilichotoka dukani kwake. Kimoja kilikuwa na tone. Kingine hakikuwa nalo. Kilikuwa cha kiwanda kingine, cha zamani zaidi, na meno yake ya dhahabu yaling'aa yakiwa yamesuguliwa. Kando ya nafasi moja tupu kwenye ubao palikuwa na doa dogo la hudhurungi, kama plastiki iliyoonja moto. Chini ya hapo kulikuwa na punje mbili tatu za waridi. Endah alizifikicha kati ya vidole. Zilikuwa za ufutio wa shule.

"Kuna nini?" Bu Hartini aliuliza.

"Kijiti kimoja si changu. Kimebadilishwa."

Hapo mambo yakageuka vibaya kuliko Endah alivyotaka. Bu Hartini aliona jambo moja tu: kitu kizima kimechukuliwa, kibovu kimewekwa, kwa hiyo kuna mwizi. Prayit akakumbuka kwamba mdogo wake Ratri ana kompyuta ya michezo. Kabla ya saa kumi habari ilikuwa imeshavuka ukuta kwenda kwa wachoraji, na kabla ya saa kumi na moja ilikuwa kwao Ratri.

Alhamisi saa mbili asubuhi Ratri alifika kwa pikipiki, kompyuta ya mdogo wake imefungwa nyuma kwa kamba. Aliibeba mwenyewe hadi juu ya meza ya ofisi, akaomba bisibisi, akaifungua mbele ya wote. Hakukuwa na tone la rangi ya kucha humo ndani. Akaifunga, akaibeba, akaondoka.

Endah alitumia mchana ule kupima. Aliacha kijiti chenye tone peke yake, akafungua picha kwa saa tatu, kompyuta haikutikisika. Akaweka kile kigeni peke yake na kuendesha kipimo cha kumbukumbu. Nusu ya kwanza ikapita salama. Kipimo kilipofika nusu ya juu, makosa yakaanza kumiminika kwenye kioo, mstari juu ya mstari.

Alimweleza Bu Hartini kwa mfano wa meza ya kukatia vitambaa. Tuseme meza ni ndefu, na mbao zimeoza kule mwisho tu. Prayit na barua zake hukunjua kitambaa kifupi, hafiki kwenye uozo. Ratri hutandika meza nzima. Siku Prayit alipofungua picha thelathini alifika mwisho, naye akaangukia palepale. Na picha yoyote iliyopita sehemu ile bovu wakati wa kuhifadhiwa ilitoka imekatika, hata kama kompyuta haikuzimika.

"Lakini aliyekiweka?" Bu Hartini aliuliza.

"Ndilo ninalouliza. Mlisema hakuna aliyeifungua."

"Hakuna."

"Hata kupulizwa vumbi?"

Bu Hartini akaanza kutikisa kichwa, akasita. Ni Prayit aliyejibu, akiwa mlangoni. Alisema kupulizwa ilipulizwa, mwezi wa tatu, tarehe kumi na moja. Anaikumbuka kwa sababu ilikuwa siku ya kuzaliwa kwake, na alimpa mzee kipande cha keki. Mzee alitaka kufanya kazi kwa utulivu, wakamwachia ofisi.

"Lakini yule si mtu wa kuhesabu," Prayit alimalizia. "Yule ni Pak Kusnan."

Endah alifunga daftari. Alikuwa amejua tangu jana, tangu uzi. Pak Kusnan hakuwahi kutumia vifungo vya plastiki maisha yake yote. Alifunga nyaya kwa pamba, akasugua meno ya vipuri kwa ufutio wa waridi, akamfundisha Endah afanye vilevile. Kilichomchelewesha Endah ni fundo. Fundo la mzee lilikuwa bapa na dogo, la kukaa chini ya ukucha. Lile la ndani ya mashine lilifungwa na mtu asiyeona anachofunga.

Alikwenda kwake saa kumi jioni. Alikaa, akatoa kijiti, akakiweka mezani mbele yake. Pak Kusnan hakukitazama. Alikipapasa kwa kidole gumba, akapita kwenye meno, akafika kwenye pembe iliyochubuka.

"Cha kompyuta ya zamani ya kliniki," alisema. "Nilikihifadhi sandukuni miaka mitano."

"Na changu, Pak?"

Mzee alinyanyuka, akarudi na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na kijiti chenye tone la rangi ya kucha, upande mmoja mweusi kwa kuungua.

"Nilipokirudisha sikuliona pengo lile la katikati ya meno. Nilikiingiza kinyume nikakisukuma kwa nguvu, nikawasha. Nikasikia harufu." Aliongea taratibu. "Miaka arobaini na sita, Ndah. Sijawahi kuunguza kitu cha mtu. Nikarudi mbio nyumbani nikachukua hiki, nikakisugua, nikakiweka nafasi nyingine. Kompyuta ikawaka. Nikajiambia wiki ijayo nitaleta kipya, nitakibadilisha, hakuna atakayejua."

"Hukuleta."

"Nilileta. Mara mbili." Alitoa mfukoni pakiti ndogo ambayo haijafunguliwa. "Mara ya kwanza ofisi imejaa watu. Mara ya pili nilifika mlangoni, nikamkuta yule binti ameegemea ukuta analia, wenzake wanasema kompyuta imemkataa. Nikageuka. Ningeingia ningelazimika kusema, na ningesema ningekuwa nimekwisha. Nani atampa kipofu redio yake?"

Endah alikuwa amejiandaa kwa hasira, na hasira ilikuwapo kweli, ila haikupata pa kukaa. Aliitazama mikono ile iliyomshika vidole akiwa na miaka kumi na tisa ikamwonyesha pembe ya kushikia chuma cha lehemu. Aliitazama na kitambaa cha meza, kimejaa madoa ya chai iliyofurika.

"Ulinipeleka kwa Bagyo," alisema.

"Nilikupeleka."

"Yule msichana ameitwa mwizi, Pak. Leo asubuhi amebeba kompyuta ya mdogo wake kwa pikipiki ili aifungue mbele ya watu."

Pak Kusnan aliinamisha kichwa. Kisha akauliza kama kesho baada ya swala ya Ijumaa wanawake watakuwapo wote. Endah akasema watakuwapo. Mzee akamwomba asiseme yeye. Atasema mwenyewe.

Ijumaa saa saba na nusu mchana walikusanyika kwenye chumba cha kuchorea, majiko yamezimwa. Ratri aliitwa na Endah, akasimama karibu na mlango kama mtu asiyekusudia kukaa. Pak Kusnan alivaa shati lake la batiki la harusi za watu. Aliweka mezani kijiti kilichoungua, kibovu, na kipya, akaeleza kila kitu kwa mpangilio, tarehe kwa tarehe, hata ile siku ya mlangoni. Hakusingizia macho. Endah ndiye aliyeyataja macho, na mzee akamkatiza.

"Macho yaliunguza kijiti," alisema. "Kunyamaza wiki sita nilinyamaza mimi."

Prayit alitazama viatu vyake. Bu Hartini alifuta uso kwa pembe ya shali, kisha akamwendea Ratri mbele ya wote, akamwomba radhi. Ratri aliipokea kwa kuinama kidogo. Halafu akamgeukia mzee.

"Pale mlangoni nilipokuwa nalia, ulinitambua?"

"Nilikutambua kwa sauti. Uso sikuuona. Siku nyingi sioni uso wa mtu."

Ratri alifikiri, akicheza na kidole kimoja chenye doa jekundu.

"Leo sikusamehe," alisema. "Jumatatu nitakuja na pikipiki nikupeleke hospitali ya macho Rembang. Watakwambia kama yanatibika. Nataka unione vizuri kwanza, ndipo uniombe radhi."

Macho ya Pak Kusnan yalikuwa na mtoto wa jicho tu, ukungu wa uzee unaoondolewa kwa muda mfupi. Daktari alishangaa mzee alivyoweza kufikia mlango wa hospitali bila kuanguka. Walilifanyia upasuaji jicho la kulia mwezi Mei, la kushoto likapangiwa Juni.

Picha arobaini zilipigwa upya. Bu Hartini na Prayit walizunguka nyumba kwa nyumba kuomba vitambaa, na kijiti kipya kilichotoka mfukoni mwa Pak Kusnan kikafanya kazi bila kasoro. Ya arobaini na moja ilibaki na michirizi yake. Ratri aliipeleka kwa Mbah Sarinem ikiwa imechapwa kwenye karatasi, akijua hakuna la kufanya. Bibi aliitazama, akacheka kwa ufizi, akaomba kitambaa cheupe na nta. Ilimchukua siku tisa. Ndege aliyechora hakuwa yule wa kwanza. Huyu alikuwa mnene kidogo na ametazama nyuma. Alipoulizwa, Mbah Sarinem alisema yule wa zamani alimchora akiwa bibi harusi, na wakati ule hakuwa na sababu ya kutazama nyuma. Ndege huyu mpya ndiye aliyekwenda kitabuni.

Pak Kusnan alirudi ofisini siku tano baada ya kufunguliwa bandeji. Endah alikuwapo, anabadilisha feni. Mzee alisimama mlangoni, akatazama rangi za vitambaa vilivyoanikwa, akamtazama Endah na kumwambia amezeeka. Kisha akamtafuta Ratri. Alikuwa kwenye kiti chake, picha tatu kubwa zimefunguliwa mbele yake, na aliposikia hatua akageuka.

Mzee alimkazia macho.

"Kumbe u mdogo hivi," alisema. "Mimi nilidhani nimemwonea mtu mzima."

Ratri alinyanyuka, akamvutia kiti.